Mtoto wa Flint aliyekulia Davison

Nianze kwa kukiri, asije mtu akaniumbua baadaye. Mwaka wangu wa kwanza chuo, pale Mlimani, watu wakiniuliza kwetu wapi nilikuwa najibu Tandale. Siyo kweli. Kwetu ni Sinza. Ukitoka nyumbani ukatembea dakika kumi na tano hivi unaingia Tandale, kwa hiyo nilijiambia kwamba huu si uongo, ni kukosea kwa dakika kumi na tano tu. Sababu unaijua. Sinza haina hadithi. Mtoto wa mtumishi wa serikali, nyumba ya tofali, geti la bati, luninga sebuleni, mama anauliza kama umekula: nani atakaa kukusikiliza? Ukisema Tandale, watu wanatulia. Hata wanaokudharau wanakudharau kwa heshima.

Tatizo ni kwamba chumbani kwetu hosteli kulikuwa na jamaa wa Tandale kwelikweli, kwa Mtogole. Siku moja alinisikia nikiuza sera zangu kwa wageni. Walipoondoka akaniuliza kwa upole kabisa: "Eti ndugu yangu, mvua za masika zikishuka, nyinyi huwa mnapandisha magodoro wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakucheka wala hakunisema kwa mtu. Aligeukia ukutani akalala.

Nimeikumbuka aibu hiyo kwa sababu wiki hii nilikaa nikaangalia upya filamu za Michael Moore, moja baada ya nyingine, na kila alipovaa ile kofia yake ya besiboli nilisikia sauti ya yule jamaa. Magodoro mlikuwa mnapandisha wapi, kaka?

Kwa wale ambao hawamjui: ni Mmarekani, mtengeneza filamu za dokumentari, mnene, suruali ya jinzi inayoning'inia, ndevu za siku tatu, koti la mtu anayekwenda kununua mkaa. Mwaka 1989 alitoa Roger & Me, filamu inayohusu mji wa Flint, jimbo la Michigan, baada ya kampuni ya magari ya General Motors kufunga viwanda na kuacha maelfu ya watu bila kazi. Roger ni Roger Smith, mwenyekiti wa GM wakati huo. Filamu nzima Moore anamtafuta amlete Flint aone alichokifanya, na walinzi wanamtoa nje. Mwaka 2002 akatoa Bowling for Columbine, ikampa Oscar mwaka uliofuata, na jukwaani akamrushia maneno Rais Bush mpaka ukumbi ukagawanyika, nusu wanashangilia nusu wanazomea. Mwaka 2004 ikaja Fahrenheit 9/11, ikabeba tuzo kubwa ya Cannes. Baadaye Sicko, Capitalism: A Love Story na nyingine.

Nilimpenda. Bado namkubali. Roger & Me niliitazama kwa laptopu ya kuazima, watu watano kitandani kimoja, na ilipoisha hakuna aliyesema kitu kwa dakika nzima. Kuna askari anatoa familia kwenye nyumba zao karibu na Krismasi, anatupa mti wa Krismasi nje pamoja na godoro. Kuna mama anauza sungura, na kibao chake kinasema unaweza kununua wa kufuga au wa kitoweo, ni wewe tu. Yule jamaa wa kwa Mtogole alisema neno moja: "Wanafanana na sisi." Hilo si jambo dogo. Sijui filamu nyingine ya Kimarekani iliyomfanya mtu wa Tandale aseme hivyo kuhusu Wazungu.

Sasa tuje kwenye kofia.

Moore alizaliwa Flint mwaka 1954. Hilo ni kweli, hospitali haisemi uongo. Lakini alikulia Davison. Davison ni mji mdogo pembeni ya Flint, kilometa kama 15 kuelekea mashariki, kama kutoka Posta kwenda Kimara. Flint ilikuwa mji wa viwanda, moshi, kelele, mchanganyiko wa watu. Leo zaidi ya nusu ya wakazi wake ni weusi. Davison ilikuwa mji wa watu weupe karibu wote, nyumba zenye bustani, ambako mtu mwenye kazi nzuri Flint alirudi jioni kulala. Wafanyakazi wenye mishahara mizuri ndio walijenga miji ya namna hiyo kuzunguka Flint. Hakuna dhambi hapo. Lakini sikiliza mahojiano yake ya miaka ile: ni Flint, Flint, Flint. Mimi wa Flint, sisi watu wa Flint, nyumbani kwetu Flint. Davison imekuwa kama mtoto wa nje, haitajwi mbele ya wageni. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Wapinzani wake wamelirudia jambo hili mpaka limechuja, na majibu yake siku zote ni kwamba watu wa huko huwa wanasema Flint kwa ujumla. Ndugu yangu, hata mimi nilisema Tandale kwa ujumla.

Na maisha yenyewe ya huko Davison? Baba alifanya kazi kiwanda cha AC Spark Plug, kampuni tanzu ya GM iliyotengeneza plagi za magari. Mama alikuwa sekretari. Mtoto akasoma shule ya Kikatoliki, akawa skauti wa daraja la juu kabisa. Mwaka 1972, akiwa na miaka 18, aligombea bodi ya shule ya Davison akashinda, akawa mmoja wa viongozi wa kuchaguliwa wadogo kabisa kwa umri nchini Marekani. Fikiria. Miaka 18, unakaa meza moja na mkuu wa shule aliyekuwa anakuchapa juzi. Baada ya hapo akaingia chuo kikuu, tawi la Flint, akaacha. Kwa nini aliacha? Karo? Baba kafukuzwa kazi? Mwenyewe alisimulia sababu: asubuhi moja alizunguka na gari akakosa mahali pa kuegesha, akakasirika, akaenda zake.

Narudia. Mlalahoi wetu aliacha chuo kwa kukosa maegesho.

Hapa Dar kuna watu wameacha chuo kwa kukosa nauli ya daladala, kwa boom kuchelewa, kwa mzazi kufariki. Sijawahi kukutana na aliyeshindwa na maegesho. Hiyo ni shida ya mtu mwenye gari, na mwenye uhakika kwamba akiacha chuo leo kesho atakula tu.

Alichofanya baadaye nakiheshimu: mwaka 1976 akaanzisha gazeti, Flint Voice, akaliendesha kwa tabu miaka kumi. Hilo lilikuwa gazeti la kweli lenye njaa ya kweli, na mimi kama mwandishi navua kofia (yangu, si yake). Kisha mwaka 1986 akachukuliwa na jarida moja la San Francisco, Mother Jones, wakamfukuza kabla mwaka haujaisha, akawashitaki, wakamlipa fidia, na sehemu ya fedha hiyo ikawa mtaji wa Roger & Me. Nyingine alichangisha kwa michezo ya bingo. Hadithi nzuri. Lakini ona kitu kimoja: kwenye mstari wa kuunganisha magari, pale ambapo watu wa Flint walipoteza vidole na migongo, mtu wetu hakuwahi kusimama kama mfanyakazi. Alisimama pale na kamera.

Halafu mkwanja ukaja. Warner Bros. wakanunua Roger & Me kwa dola milioni tatu. Kwa maelezo yake mwenyewe, kabla ya siku hiyo hakuwa amewahi kupata zaidi ya dola 17,000 kwa mwaka, na alipotangaza bei ile mbele ya wafanyakazi wa Flint walimshangilia. Naamini walishangilia. Hata Tandale wanashangilia mtoto wao akitoboa, wanampigia honi barabara nzima. Kutoboa si kosa. Fahrenheit 9/11 ilitengenezwa kwa dola milioni kama sita, ikaingiza zaidi ya milioni 220 duniani kote. Hakuna dokumentari iliyokuwa imewahi kufanya biashara ya namna hiyo.

Sasa kaa chini usikilize mwaka 2011, maana mwaka huo ni wa komedi.

Februari, Moore anakwenda mahakamani Los Angeles kuwashitaki ndugu wa Weinstein, wale wasambazaji wa filamu, kwamba wamempunja faida ya Fahrenheit 9/11. Anadai dola milioni 2.7. Huenda kweli alipunjwa, nasi leo tunajua mengi kuhusu Harvey Weinstein. Baadaye walimalizana nje ya mahakama. Lakini katika hati hiyohiyo ya madai imeandikwa kiasi alichokuwa ameshapokea mpaka wakati huo kutokana na filamu hiyo moja: dola milioni 19.8. Si maneno ya adui wala udaku wa gazeti la jioni, ni hati ya mashitaka ya upande wake mwenyewe.

Septemba mwaka huohuo, vijana wa New York wanalala kwenye bustani ya Zuccotti, karibu na Wall Street, wakiimba kwamba wao ni asilimia 99 na nchi imeshikwa na asilimia moja. Moore yupo pale, kofia kichwani, anahutubia. Oktoba, anakaa kwenye CNN na Piers Morgan. Piers Morgan si mtu ninayempenda, ana kiburi cha jogoo, lakini siku ile alimuuliza swali ambalo hata mama ntilie angeuliza: wewe mzee, si uko ndani ya hiyo asilimia moja? Kubali tu tuendelee. Na mshindi wa Oscar, mpokeaji wa milioni 19.8, anakataa. Kwamba hapana, hayumo. Morgan anamrudia, anakataa tena. Kwamba yeye anawatetea watu wa chini, atakuwaje huko juu?

Huo ndio usanii wenyewe, na nilirudisha video mara tatu kuutazama. Swali lilikuwa la hesabu, yeye akajibu kwa moyo. Ni sawa umuulize mtu ana kilo ngapi, akwambie anawapenda wembamba.

Siku mbili baadaye, bila shaka baada ya marafiki kumpigia simu, aliandika makala ndefu ambayo kichwa chake kilikiri kwamba anaishi miongoni mwa hao asilimia moja, akaeleza jinsi alivyogawa zile milioni tatu za kwanza: kodi, misaada, akiba, na kwamba hagusi soko la hisa. Ni makala nzuri. Ningependa kujua kwa nini maneno yale yalishindikana mbele ya kamera, yeye mtu wa kamera.

Mwaka 2013 ndoa yake ilivunjika. Mambo ya ndoa si yangu na sitayagusa. Lakini mali zilipoorodheshwa, magazeti ya Michigan yaliandika kwamba wawili wale walikuwa na majengo na viwanja tisa kati ya Michigan na New York. Mojawapo ni nyumba kando ya Torch Lake, ziwa la maji ya bluu kaskazini mwa jimbo, jengo la ukubwa wa kama mita za mraba 900. Nyingine ni ya Manhattan. Chumba chetu cha hosteli kilikuwa na mita za mraba kumi na mbili, tukilala wanne halali na wawili wa kubebwa. Vijisenti, kama alivyosema yule mheshimiwa wetu mwaka 2008.

Najua sasa hivi kuna mtu ananing'ata meno. Utasema: wivu tu huo. Au utasema: unatumikia mabwana wakubwa, maana wanaomsema Moore kwa utajiri wake ni walewale wa upande wa Bush na wa kampuni za bima, hawana jibu kwa hoja zake ndiyo maana wanapekua pochi yake. Hoja hiyo naiheshimu na kwa kiasi kikubwa ni ya kweli. Mtu akikuonyesha mgonjwa aliyekataliwa matibabu na bima, kisha wewe ukauliza aliyekuonyesha ana nyumba ngapi, wewe ni mjinga au umelipwa. Mgonjwa ni yuleyule.

Kwa hiyo tuelewane. Sisemi tajiri asiwatetee maskini. Ule msemo wetu wa mwenye shibe hamjui mwenye njaa nimeusikia mara nyingi ukitumika kuwanyamazisha watu waliokuwa wanasema kweli. Engels alikuwa mtoto wa mwenye viwanda. Nyerere alikuwa mtoto wa chifu. Hakuna aliyewadai wavae matambara. Ninachouliza ni kwa nini tajiri huyu anahitaji kuvaa hiyo kofia. Kwa nini hoja yake isisimame yenyewe, mpaka ishikiliwe na hadithi kwamba yeye ni jamaa tu wa kawaida kutoka mtaa wa viwanda?

Kwa sababu kofia inafanya kazi. Inamwambia mtazamaji: usinipime, mimi ni wewe. Ukimpima, umejipima mwenyewe. Roger & Me ilipotoka, mkosoaji wa jarida la Film Comment, Harlan Jacobson, alimbana kuhusu mpangilio wa matukio: kwamba baadhi ya mambo yanayoonekana kufuata baada ya viwanda kufungwa yalitokea kabla. Lilikuwa swali la kawaida la uandishi, ambalo mhariri wangu angeniuliza mimi kabla hajamaliza chai. Mashabiki waliliona kama shambulio kwa watu wa Flint. Unaona mchezo? Ukimuuliza Moore kuhusu tarehe, umewatukana wasio na kazi.

Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni hili, na lilinijia nikiwa nimeshachoka kumcheka.

Hadithi ya kweli ya nyumba ya Davison ni nzuri kuliko ile ya kuazima. Tena ni ya hatari zaidi kwa wakubwa.

Tazama. Tarehe 30 Desemba 1936, wafanyakazi wa GM pale Flint waliingia kazini wakakataa kutoka. Hawakuandamana barabarani ambako polisi wangewapiga na vibarua wapya wangechukua nafasi zao. Walikaa ndani, juu ya viti vya magari ambayo hayajakamilika, wakilala humo, wakipokea chakula madirishani. Polisi walijaribu kuingia, wakarushiwa vyuma na maji baridi ya mpira. Gavana alipeleka jeshi la jimbo lakini akakataa kuwaamuru wawatoe watu kwa nguvu. Baada ya siku 44, tarehe 11 Februari 1937, kampuni kubwa kuliko zote duniani ikakubali kukaa meza moja na chama cha wafanyakazi, UAW. Mjomba wake Moore alikuwemo ndani ya mgomo ule. Hiyo nayo ni kweli, na ni fahari ambayo mimi ningeichapisha kwenye fulana.

Kutoka pale ndipo Davison ilipozaliwa, namaanisha Davison kama maisha. Mtu asiye na digrii, anayekusanya plagi za magari, anaweza kununua nyumba, kubadilisha gari, kupeleka watoto shule, kutibiwa meno, kwenda likizo na familia, kisha kustaafu na pensheni akiwa bado ana nguvu. Mwaka 1978 GM ilikuwa na wafanyakazi kama 80,000 katika eneo la Flint. Watu 80,000 wenye maisha ambayo leo hapa tunayaita ya ushuani, na yametokana na mikono yao na chama chao! Mtoto wa mmoja wao anaweza kuwa na gari lake akiwa na miaka 19 na kukasirikia maegesho.

Hicho ndicho kilichoibwa. Flint haikuporwa umaskini, iliporwa shibe. Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu wapatao 197,000; sensa ya 2020 ilikuta 81,000 na kidogo. Ukitaka mtu aelewe ukubwa wa wizi, lazima kwanza umwonyeshe kabati lilivyokuwa limejaa. Na nani angeweza kuonyesha vizuri zaidi ya mtoto aliyekula kutoka kabati lile? Huyu mtu alikuwa na ushahidi hai mwilini mwake, meno yake, shule yake, gari lake, baba yake aliyestaafu kwa heshima. Angesimama mbele ya dunia aseme: mimi nilikuwa mtoto wa kiwandani na sikuwahi kukosa kitu, na hivi ndivyo inavyowezekana, na hawa ndio waliokuja kulifuta. Badala yake akachagua kuvaa kama aliyekosa.

Na anayepoteza ni nani? Si Moore. Yeye kofia imemlipa. Anayepoteza ni yule mama wa sungura, anayebaki na kazi moja tu kwenye filamu, ya kuwa ushahidi wa unyonge ambao msimulizi anauvaa kama sare halafu anaondoka nao New York. Anapoteza kijana wa leo, awe wa Michigan au wa Chang'ombe, anayeamini kwamba mfanyakazi wa kiwandani kwa asili yake ni mtu wa kuhurumiwa, hajawahi kuwa mtu wa kuonewa wivu. Ukishaamini hivyo hutadai nyongeza. Utaomba msaada.

Sisi wenyewe tunaujua ugonjwa huu, hatuhitaji viza. Tulikuwa na waziri mkuu aliyependa kuitwa mtoto wa mkulima, kana kwamba sisi wengine ni watoto wa marubani. Majirani zetu Kenya mwaka 2022 walimchagua rais aliyezunguka nchi na mikokoteni akijiita hasla, akisimulia alivyouza kuku kando ya barabara, huku akiwa naibu rais kwa miaka tisa na mwenye mashamba. Kuku naamini aliuza. Vijana waliokuwa wanauza kuku wakati wa kampeni, Juni 2024 walikuwa barabarani Nairobi wakikimbizwa na polisi wake kwa ajili ya kodi. Mtu akikwambia sana kwamba yeye ni wewe, shika mfuko.

Nisimwonee. Mwaka 2014, maji ya Flint yalipobadilishwa kutoka chanzo cha Detroit hadi mto wa Flint ili kubana matumizi, chini ya meneja aliyewekwa na serikali ya jimbo, na watoto wakanywa risasi, yaani ile madini ya risasi, kutoka kwenye mabomba, Moore alipiga kelele akiwa miongoni mwa watu maarufu waliopiga kelele kubwa kabisa. Katika Fahrenheit 11/9 ya mwaka 2018 alileta lori la maji ya Flint akayamwaga kwenye bustani ya nyumba ya gavana. Nilicheka mpaka nikalia. Na huko kaskazini, mji wa Traverse City, alisaidia kufufua jumba la sinema la zamani lililokuwa limefungwa, likafunguliwa tena mwaka 2007. Hayo ni matendo ya tajiri mwenye moyo, na yangependeza zaidi kama angeyafanya kama tajiri mwenye moyo.

Na mara moja alikaribia kabisa. Ni katika Capitalism: A Love Story ya mwaka 2009. Anaonyesha picha za utotoni, filamu za kamera ya nyumbani zenye rangi zilizopauka, watoto wanacheka, na anasimulia bila kona kwamba walikuwa na maisha mazuri, ya kati, ya kushiba. Hapo hakuna Flint ya kuigiza. Halafu anamchukua baba yake, mzee kabisa wakati huo, wanakwenda mpaka pale kiwanda cha AC Spark Plug kilipokuwa. Hakuna kitu. Kiwanja kitupu na vifusi. Mzee anaonyesha kwa mkono kilichokuwa wapi.

Nilisimamisha video nikamtazama yule mzee. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi, na hana haja ya kumshawishi mtu yeyote kwamba ametoka wapi.

Dakika chache tu. Kisha filamu inaondoka, mwanawe ana shughuli Wall Street, anakwenda kuzungushia mabenki ule utepe wa njano wa polisi, watu wacheke. Mimi ningebaki pale na mzee saa nzima. Ningemuuliza mshahara wa kwanza ulikuwa dola ngapi, nyumba ya Davison aliinunua kwa miaka mingapi ya kazi, nani alilipa daktari wa meno, likizo walikwenda wapi, na siku chama kiliposema tunagoma, mama watoto alisemaje.